Mwanasesere uwanjani: tunagombana na mlinzi kwa kosa la mwenye uwanja

Kila mwenye mazoea ya kutoka na mwanasesere wake kwenda kumpiga picha mjini anamjua mlinzi anayekuja. Haji mbio. Husimama kwanza mbali kidogo, akazungumza na redio yake ya mkononi, kisha akasogea na kuuliza: hizi picha ni za nini? Mkusanyaji huchomwa na swali hilo, maana anaona ameshukiwa kwa jambo lisilomdhuru mtu. Hujibu kwa ukali, mlinzi naye hupandisha sauti, na muda si muda watu wawili wasiojuana wanakoromeana mbele ya wapita njia. Nimeyaona haya London, ninakoishi, na marafiki wanaokusanya wanasesere Nairobi wamenisimulia ya kwao. Ninachotaka kusema ni kwamba tumekuwa tukigombana na mtu asiyehusika. Mlinzi amewekwa pale na mwenye ardhi, na amri anayoitekeleza mara nyingi haikuandikwa mahali ambapo mimi au yeye tungeweza kuisoma. Mwenye ardhi huyo ndiye wa kubanwa.

Kwa asiyewajua, wanasesere ninaowazungumzia hawakutengenezwa ili watoto wawaburute sakafuni. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ya Kyoto, Japani, ilianza kuuza Super Dollfie, mwanasesere wa resini (aina ya plastiki ngumu) mwenye urefu unaokaribia sentimita 60, ambaye viungo vyake vya mviringo vinashikwa na kamba ya mpira inayopita ndani ya mwili. Macho yake hubadilishwa, nywele hubadilishwa, na uso hupakwa rangi kwa mkono. Kampuni za Korea Kusini na China zikafuata, na leo mwanasesere mmoja wa aina hiyo hugharimu mamia ya dola, wengine hupita elfu moja. Blythe, mwanasesere mwingine tunayempenda, ana historia yake. Kampuni ya Kenner ya Marekani ilimtoa mwaka 1972, kichwa kikubwa, macho yanayobadilika rangi mara nne ukivuta uzi kisogoni. Watoto wakamwogopa, na baada ya mwaka mmoja akaondolewa sokoni. Kilichomrudisha ni picha. Gina Garan, mtayarishaji wa televisheni wa New York, alimbeba kila alikosafiri na kumpiga picha, na kitabu chake cha picha hizo kikatoka mwaka 2000. Mwaka uliofuata kampuni ya Takara ya Japani ikaanza kumtengeneza upya. Yaani Blythe yuko madukani leo kwa sababu mtu mzima alimtoa nje ya nyumba. Anayesema wakusanyaji tubaki na wanasesere wetu kabatini hajui sanaa hii imekuaje.

Huko nje nako kuna gharama zake. Resini hugeuka njano ikikaa juani, na rangi ya uso huharibiwa na mafuta ya vidole, kwa hiyo mwenye mwanasesere wa thamani hutoka asubuhi na mapema au hutafuta kivuli. Hutafuta pia mahali panapolingana na umbo dogo kama lile: ngazi za mawe, ukuta mfupi, ukingo wa chemchemi. Na ili picha ichukuliwe kwa usawa wa macho ya mwanasesere, mpiga picha inabidi apige magoti au alale kifudifudi. Sasa jiweke mahali pa mlinzi aliyekabidhiwa eneo zima: saa moja asubuhi, uwanja mtupu, mtu mzima amelala chini mbele ya ngazi za jengo la ofisi, pembeni yake begi kubwa liko wazi. Asipokuja kuuliza, hafanyi kazi yake.

Kuna sababu nyingine ambayo wenzangu wengi hawaifikirii. Picha ya mwanasesere inafanana mno na picha ya tangazo la biashara. Tuna stendi ya kamera, tuna ubao mweupe wa kurudisha mwanga, tuna kitu kilichopambwa na kusimamishwa kwa uangalifu, na mara nyingi tuna mwenzetu anayeshika mwavuli. Kanuni za viwanja vingi zinakataza upigaji picha wa kibiashara bila kibali. Uwanja wa Trafalgar Square, London, uko chini ya sheria ndogo zinazodai idhini kwa picha za biashara. Bustani za kifalme kama Hyde Park zina utaratibu wao wa vibali. Mtalii mwenye simu haguswi. Mlinzi hana namna ya kujua picha itaishia wapi, kwa hiyo anaangalia vifaa, na stendi ya miguu mitatu imegeuka kuwa ushahidi. Hapa kanuni imepotoka, kwa kuwa inapima chombo na kuacha kupima matumizi. Anayepiga tangazo kwa simu anapita bila kuulizwa, na mstaafu anayetaka picha moja ya Blythe wake kando ya chemchemi anaambiwa akunje stendi aondoke.

Lakini jambo zito zaidi ni hili la ardhi. Watu wengi wanaofika Granary Square, nyuma ya kituo cha treni cha King's Cross, wanadhani wako kwenye uwanja wa umma. Ulifunguliwa mwaka 2012, una chemchemi zaidi ya 1,000 zinazoruka kutoka ardhini, watoto wanalowana humo kiangazi kizima, na hakuna lango wala kiingilio. Ni ardhi binafsi. Canary Wharf, mtaa wa mabenki na ofisi, ni hivyo hivyo. Eneo lililoitwa More London, kando ya Tower Bridge, lilikuwa binafsi hata wakati ofisi ya Meya wa jiji ilipokuwa hapo hapo, na waandishi wa habari walilalamika kwamba hawawezi kumhoji mwanasiasa nje ya ukumbi wa serikali yao bila ruhusa ya mwenye kiwanja. Mwaka 2011 waandamanaji waliotaka kukaa Paternoster Square, palipo soko la hisa la London, walizuiwa kwa sababu hiyo hiyo, wakaishia kupiga mahema nje ya kanisa kuu la St Paul's jirani yake.

Mwaka 2017 gazeti la Guardian la Uingereza lilifanya uchunguzi na kuchora ramani ya maeneo ya namna hii yapatayo 50 mjini London. Waandishi wake waliwauliza wamiliki ni kanuni zipi zinazowahusu wanaopita humo. Wengi hawakujibu. Fikiria maana yake: unaweza kuondolewa kwa kuvunja kanuni ambayo mwenye ardhi anakataa kuitaja hata akiulizwa na gazeti kubwa la nchi. Miaka minne baadaye Meya Sadiq Khan alitoa mwongozo wa jinsi maeneo mapya ya namna hiyo yanavyopaswa kuendeshwa, ukisisitiza yawe wazi kwa watu wote na kanuni ziwe chache na zijulikane. Ni hatua nzuri, ila viwanja vilivyojengwa kabla yake bado viko vile vile, na ndivyo vyenye ngazi nzuri.

New York walianza zamani. Kanuni za ujenzi za mwaka 1961 ziliwaruhusu wenye majengo kuongeza ghorofa ikiwa watatoa uwanja au ukumbi kwa ajili ya umma, na leo jiji lina zaidi ya maeneo 500 ya mkataba huo. Pale angalau panatakiwa kibao kinachosema kwamba mahali hapa ni pa umma. Hata hivyo, kundi la waandamanaji lilipoingia Zuccotti Park mwaka 2011, mwenye uwanja alibandika kanuni mpya baada ya wao kufika: hakuna mahema, hakuna kulala. Kanuni iliyozaliwa baada ya mtu kufika haimlindi yeyote. Imetungwa kwa ajili yake.

Turudi kwa mlinzi. Uingereza, sheria ya mwaka 2001 iliunda mamlaka ya kutoa leseni kwa walinzi wa kampuni za kukodiwa, na mwenye leseni hutakiwa kuvaa kitambulisho mahali kinapoonekana. Akiwa kwenye ardhi binafsi anaweza kukutaka uondoke, na ukikataa unageuka mvamizi, unaweza kutolewa kwa nguvu ya kiasi. Mamlaka yake yanaishia hapo. Hawezi kuchukua kamera yako wala kukulazimisha ufute picha. Ukivuka ukingo wa ardhi ile ukasimama kwenye barabara ya umma, hana la kukuamuru, hata kama unalipiga picha jengo lile lile. Kila mkusanyaji anapaswa kuyajua haya kabla hajafunga begi lake, kwa sababu anayejua mpaka wa haki yake hana haja ya kupiga kelele.

Haki hizo hazikuja bure. Kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000 kiliwapa polisi uwezo wa kumsimamisha na kumpekua mtu bila sababu yoyote ya kumshuku, na wapiga picha wakawa wanasimamishwa mara kwa mara. Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua katika shauri la Gillan na Quinton kwamba uwezo huo unakiuka haki ya faragha. Mwezi huo huo wapiga picha walijaa Trafalgar Square kuupinga. Takwimu za serikali za mwaka uliokuwa unaishia wakati huo zilionyesha watu 101,248 walipekuliwa kwa kifungu hicho, na hata mmoja hakukamatwa kwa kosa la ugaidi. Kifungu kikasimamishwa, kisha kikafutwa. Sisi wa wanasesere tunakula matunda ya wale waliosimama na kamera zao uwanjani siku za baridi kali. Walishinda kwa kuwakabili waliotunga sheria. Askari wa zamu alikuwa anatekeleza tu.

Kuna shaka moja ya mlinzi ambayo naiheshimu. Mwanasesere huvuta watoto. Weka Blythe kwenye benchi na ndani ya dakika tano kuna mtoto amesimama mbele yake, na nyuma ya kamera kuna mtu mzima asiyejulikana. Kwa mwanamume hali huwa ngumu zaidi. Anatazamwa kwa jicho ambalo mwanamke mwenye mwanasesere yule yule hatazamwi. Ni dhuluma, nami nimewaona wanaume wapole wakiacha kabisa kutoka kwa sababu ya macho hayo. Hata hivyo mzazi hana kifaa cha kupima nia ya mtu, na mlinzi pia hana. Kwa hiyo kanuni yangu ni ngumu na naitetea: kamera haiwekwi karibu na viwanja vya michezo ya watoto, mtoto akiingia ndani ya picha kamera inashuka, na anayezungumzwa naye kwanza ni mzazi. Atakayeona hayo ni kujinyenyekeza kupita kiasi afikirie kwamba mtoto wa mwenziwe si sehemu ya mandhari.

Ila pasiwepo na mtu wa kutuambia kwamba mtu mzima kushika umbo la binadamu ni ugonjwa. Wazaramo na majirani zao wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti anayopewa mwali awapo ndani, aitunze na kuipaka mafuta kama atakavyomtunza mwanawe. Leo mwana hiti wamo kwenye makumbusho ya Ulaya, nyuma ya vioo. Hakuna anayewaita waliowachonga wala waliowabeba watu wenye kasoro.

Wanaopata tabu kuliko sisi sote ni wenye wanasesere wa kichanga, wale wanaoitwa reborn. Hawa ni wa vinyl, plastiki laini, wanajazwa uzito ili mkononi wahisike kama mtoto, nywele hupandikizwa moja moja, mishipa huchorwa chini ya ngozi. Mwaka 2016 huko Keene, New Hampshire, polisi alivunja kioo cha gari siku ya joto kali ili kumwokoa mtoto aliyeonekana hajitikisi. Alikuwa mwanasesere. Polisi yule alifanya sawasawa, na ningependa kila polisi duniani afanye hivyo hivyo. Kosa lilikuwa kumwacha mwanasesere wa namna hiyo garini bila kumfunika wala kuacha maandishi kiooni. Anayetembea na reborn amebeba wajibu ambao mwenye Blythe hana, kwa kuwa mwanasesere wake anaweza kuwafanya waokoaji waje mbio bure huku wakihitajika mahali pengine.

Lakini tazama kilichotokea Brazil mwaka 2025. Video za wanawake waliokusanyika pamoja wakiwa na wanasesere wao zilienea mitandaoni, na ndani ya wiki chache nchi nzima ilikuwa inazungumzia reborn. Wanasiasa wakapeleka miswada ya kumtoza faini atakayetumia mwanasesere kupata nafasi ya mbele kwenye foleni za wenye watoto wachanga, na mingine ya kukataza wasihudumiwe hospitalini. Madiwani wa Rio de Janeiro nao walipitisha siku maalumu ya kuwaenzi watengenezaji wa wanasesere hao, Meya Eduardo Paes akaikataa. Juni mwaka huo, mjini Belo Horizonte, mwanamume mmoja alimpiga kofi mtoto wa miezi minne aliyekuwa amebebwa na wazazi wake kwenye kibanda cha chakula. Alieleza kwamba alidhani ni mwanasesere. Katika sakata lote lile, aliyeumia mwilini alikuwa mtoto halisi, na aliyemuumiza ni mtu aliyejazwa chuki dhidi ya wanasesere. Hakuna mkusanyaji aliyempiga mtu. Nikisikia mtu anaomba wanasesere wapigwe marufuku mahali pa umma kwa ajili ya usalama, namkumbuka mtoto yule.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yana uzito wake. Baada ya shambulio la Westgate la tarehe 21 Septemba 2013, lililoua watu 67, kufunguliwa begi mlangoni mwa jengo la maduka Nairobi limekuwa jambo la kila siku, na hakuna mwenye akili timamu atakayelilalamikia. Mwanasesere wa resini akisafirishwa hufunikwa uso kwa barakoa, wakati mwingine kichwa kinatenganishwa na mwili, na ndani yake mna kulabu za chuma zinazoshika mpira. Mlinzi akifungua zipu bila kuambiwa anakutana na mkono na kichwa kilichofungwa kitambaa. Basi mwambie kabla hajafungua. Salamu kwanza: kwa mlinzi mtu mzima wa Dar es Salaam ni shikamoo, na Nairobi utamuuliza soja habari za kazi. Kisha sema umebeba mwanasesere wa maonyesho, fungua begi mwenyewe, mwonyeshe. Nimeambiwa na wengi kwamba mambo yakienda hivyo, mlinzi ndiye anayeita wenzake waje kumwona. Na kamera isielekezwe Ikulu, kambi za jeshi, wala mahali penye kibao cha kukataza, hata kama mwanga umekaa vizuri namna gani.

Tatizo linaanza ukishaingia ndani, ukataka kupiga. Huko utaambiwa hairuhusiwi, na ukiuliza imeandikwa wapi, mlinzi atasema ni amri ya ofisi. Hadanganyi. Mtazame katika hesabu yake: akikuruhusu halafu bosi akaona kwenye kamera za ulinzi, anaweza kupoteza kazi ya zamu ya saa 12 kwa siku inayolisha nyumba. Akikukataza bila sababu, hakuna atakayemuuliza. Mtu yeyote aliyewekwa katika hali hiyo atakataza. Kumtukana, kumrekodi kwa simu na kumtupa mitandaoni achekwe na maelfu, kama wafanyavyo baadhi ya wapiga picha wa Marekani na Uingereza wanaozunguka wakitafuta walinzi wa kuwachokoza, ni kumwonea mnyonge na kumwacha mwenye uamuzi amelala usingizi mzuri. Nasikitika kwamba video hizo zina watazamaji wengi, na kwamba wenzetu wa wanasesere wameanza kuziiga.

Wenye viwanja na majengo wanadaiwa mambo ambayo hayana gharama kubwa. Waandike kanuni zao na kuzibandika langoni na kwenye tovuti. Waseme picha ya biashara ni ile inayouzwa au kutangaza bidhaa, wala stendi ya kamera isihesabiwe kuwa biashara. Kama hofu ni watu kujikwaa, waandike kwamba stendi haziruhusiwi saa za msongamano. Wampe mlinzi namba ya simu ya mtu mwenye uwezo wa kusema ndiyo. Baadhi ya bustani zinazotoza ada ya kupiga picha tayari zina bei iliyoandikwa, na hata anayeona ni ghali anajua pa kuanzia.

Na sisi tuache tabia ya kufika kundi la watu 20 na mabegi 30 kisha kushangaa tumezuiwa. Wawili au watatu wanatosha asubuhi moja. Kabla ya kwenda, kikundi kiandike barua kwa menejimenti ya mahali: tuko wangapi, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, tunabeba nini, hatuuzi picha, hatutapiga sura za watu. Nakala ya jibu ichapishwe na kubebwa, maana mlinzi wa zamu ya asubuhi huenda hakuambiwa na wa usiku, na karatasi yenye mhuri humpa yeye kinga kuliko inavyotupa sisi. Wakikataa, waombwe wakatae kwa maandishi na wabandike katazo hilo langoni, ili mwenye kutoka Kitengela nje ya Nairobi au Watford nje ya London alfajiri na mwanasesere begani asifunge safari bure.